Wimbo Nyuma ya Pazia

Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Leo nachutama mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, wengi wao walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa kuwa aliyenivua ni mwanafunzi wangu mwenyewe, na alinivua kwa haki.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi lililoonekana jepesi. Kila mmoja aandike insha ya kurasa tatu, kwa Kiswahili fasaha, kuhusu albamu moja ya muziki aipendayo, na aeleze sababu za kuipenda. Zoezi lilikuwa la alama 30. Nilitarajia niliyoyazoea, na niliyapata. Palikuwa na nyimbo za injili na faraja zake, Bongo Fleva na mapenzi yake, na kijana mmoja wa Dandora aliyeandika kwa fahari kuhusu Ni Wakati ya Kalamashaka, wana wa mtaa wake, ambao "Tafsiri Hii" yao ya mwaka 1997 iliwafumba midomo waliodhani kwamba rapu haikai vyema katika Kiswahili. Wote walipita njia moja: maudhui, dhamira, ujumbe, funzo kwa jamii. Nilisahihisha nikiwa nusu usingizini.

Msichana mmoja anayeishi Kayole hakuipita njia hiyo. Aliandika kuhusu Souvlaki, albamu ya bendi ya Kiingereza iitwayo Slowdive, iliyotoka mwaka 1993, miaka zaidi ya kumi kabla ya yeye kuzaliwa. Aliandika kwamba maneno ya nyimbo hizo hayasikiki vizuri, kwamba hajawahi kuyatafuta, na kwamba hana haja ya kuyatafuta. Aliandika kwamba huisikiliza usiku, taa imezimwa, jirani wa orofa ya juu akiburura viti na matatu za mwisho zikipiga honi barabarani, na kwamba baada ya wimbo wa pili huhisi kana kwamba jengo zima limetiwa ndani ya maji na kila kitu kinaelea polepole. Kurasa mbili na nusu alizijaza kwa habari za sauti: rangi yake, uzito wake, namna inavyowasili na namna inavyoondoka. Juu ya funzo kwa jamii hakuandika hata sentensi moja.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pambizoni: "Ujumbe uko wapi?" Nikampa alama 11.

Alikuja ofisini siku ya pili yake. Alisimama mlangoni hadi nilipomkaribisha, akaketi, akaiweka insha mezani. "Mwalimu, naomba kuuliza. Uliisikiliza hiyo albamu?" Nikamjibu kwamba sikuisikiliza, na kwamba zoezi lilikuwa la kuandika, si la kusikiliza. Akainamisha kichwa kidogo. "Basi uniwie radhi, mwalimu, lakini naona umesahihisha kitu ambacho hukukisikia."

Jioni ile, katika matatu, magari yalipogandana kwenye Barabara ya Jogoo kama ilivyo ada yake, nilitia vidude masikioni nikaitafuta Souvlaki kwenye simu. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kumtia hatiani.

Maneno machache kuhusu bendi yenyewe, kwa faida ya wasioijua, nami nilikuwa mmoja wao. Slowdive iliundwa na vijana wa mji wa Reading, Uingereza, mwaka 1989. Ilikuwa miongoni mwa bendi ambazo magazeti ya muziki ya huko yalizibandika jina la kejeli la watazama viatu, maana wapiga magitaa wake walisimama jukwaani vichwa vimeinama, macho yao kwenye vikanyagio vya umeme vilivyopangwa sakafuni. Kwa vikanyagio hivyo waliirefusha sauti ya gitaa, wakaikunja, wakaizamisha katika mwangwi wake yenyewe hata msikilizaji asijue nyuzi zimeishia wapi na hewa imeanzia wapi. Sauti za waimbaji, Rachel Goswell na Neil Halstead, hazikuwekwa mbele ya ala kama ilivyo desturi, bali zilizamishwa ndani yake, mfano wa mtu anayesema nawe kutoka chumba cha pili. Wahakiki wengi wa wakati ule waliwadhihaki bila huruma. Mwaka 1995, muda mfupi baada ya albamu yao ya tatu, Pygmalion, kampuni yao ya santuri iliwaacha, na bendi ikavunjika. Walirejea jukwaani mwaka 2014. Albamu iliyofuata ilitoka 2017, baada ya kimya cha miaka 22, na nyingine 2023, na wengi waliowapokea safari hii walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa bendi ilipokufa.

Haya niliyasoma baadaye. Ndani ya matatu sikujua lolote, nilisikia tu. Nilipofika wimbo wa tatu sikuwa tena kwenye Barabara ya Jogoo ya leo. Nilikuwa Jericho, mwaka 1988 au 1989, nimelala chini pamoja na ndugu zangu wawili, na upande wa pili wa pazia mjomba alikuwa ameweka santuri.

Aliyelelewa katika nyumba za Halmashauri ya Jiji upande wa mashariki wa Nairobi, iwe Jericho, Maringo, Kaloleni au Bahati, halihitaji kuelezewa pazia. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa sebule mchana, na usiku kiligawanywa kwa kitambaa kizito cha maua makubwa, kilichoning'inizwa kwenye waya toka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja tulilala watoto. Upande wa pili mjomba, ndugu yake mama, ambaye alikuwa kuli katika ghala moja Eneo la Viwanda, alikaa na gramafoni yake, sufuria ya chai, na rafu ya santuri alizozinunua River Road enzi zile alipokuwa kijana mwenye mshahara na asiye na majukumu. Mama alimpa sharti moja tu: sauti chini, watoto wana shule kesho.

Zaidi ya nusu ya santuri zile zilikuwa za akina Wanyika. Kwa vijana wa leo napaswa kueleza. Wilson Kinyonga na nduguye George walikuwa watu wa Tanga. Walianza muziki katika bendi ya Jamhuri Jazz huko kwao mwaka 1966, wakahamia Arusha, kisha mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Mpigaji wa gitaa la rithimu, Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa ingawa hakuna chuo kilichomtunuku, aliondoka pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akawa sauti yao. Hao ndio waliotupa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini, wazee kwa vijana huacha sahani zao. Mwimbaji Issa Juma naye alijitenga na kundi lake la Super Wanyika. Almuradi, katika muda wa miaka michache Nairobi ilikuwa na Wanyika wa kila namna.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo, maana ugonjwa wa mwanaisimu haufichiki. Jina Simba Wanyika, kwa maana ya simba wa porini, lingeandikwa kwa maneno matatu: simba wa nyika. "Wa" ni kihusishi. Waliliandika kwa maneno mawili, na mwalimu yeyote wa darasa la sita angelitia duara jekundu. Kisha bendi ilipopasuka, waliojitenga walimwacha simba nyuma wakaondoka na "Wanyika", na papo hapo kihusishi kikageuka kiambishi cha ngeli ya watu: Wanyika, kama Wakenya au Watanga. Mbele yake wakaweka "Les", kibainishi cha wingi cha Kifaransa, kwa kuwa bendi za Kikongo kama Les Mangelepa zilikuwa zimeufundisha mji mzima kwamba Kifaransa ndilo vazi la muziki. Wingi wa Kifaransa juu ya wingi wa Kiswahili uliozaliwa kwa kosa la tahajia! Nimefundisha mofolojia kwa miaka mingi na sijapata mfano unaonifurahisha kuliko huu.

Narudi nyuma ya pazia. Santuri nyingi za mjomba zilikuwa zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima wa rumba, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili ukigeuza. Aghalabu maneno mengi yalikuwa upande wa kwanza, na upande wa pili uliachiwa magitaa yazungumze yenyewe. Nilikuwa nikisikia sindano ikinyanyuliwa, kimya, kikohozi cha mjomba, mkwaruzo, kisha magitaa yale yanarejea kana kwamba hayakuwa yameondoka. Mara nyingi usingizi ulinichukua katika kile kimya. Zipo nyimbo ambazo hadi nilipoingia sekondari nilijua nusu yake tu.

Na hata nusu ile sikuisikia sawasawa. Hapa tena nazungumza kama mtu wa fonetiki. Sauti kama s, f na sh hubeba nguvu yake katika masafa ya juu, na masafa hayo ndiyo yanayomezwa kwanza na kitambaa kizito. Irabu na besi hupita. Mahadhi hupita. Kinachomfikia mtoto aliyelala upande wa pili ni wimbo uliong'olewa meno: unasikia kwamba mtu anaimba, unasikia kwamba anaimba Kiswahili, unasikia kwamba ana huzuni au ana furaha, lakini maneno yamekuwa ukungu. Chini yake gitaa la Omar Shabani linazunguka, halina haraka, halipandi wala halishuki, kama mtu anayesukuma bembea na kuwaza mambo mengine. Walichokifanya vijana wa Reading kwa vikanyagio na mitambo, mama yangu alikifanya kwa pazia la maua na sharti la sauti chini.

Ndipo nilipomwelewa msichana wa Kayole. Nami niliipenda bendi kabla ya kuyasikia maneno yake.

Maneno yenyewe, yalipochomoza, yalitutatiza. Kuna wimbo wa Les Wanyika uitwao "Kajituliza Kasuku". Sisi watoto wa Jericho tuliokuwa tukisema katoto, kagari na kanyumba tulijua ka- kuwa ni ya udogo, basi. Kwa hiyo dada yangu aliamua kwamba kuna ndege aitwaye suku, na kwamba kasuku ni mtoto wake. Mimi nilipinga, maana Kasuku niliyemjua mimi alikuwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ambao ukiisha mafuta huwa kipimo cha nyanya, chombo cha kuogea au chungu cha maua. Kumbe Waswahili wa Tanga na pwani yote kwa jumla husema "kaja" kwa maana ya "amekuja", "kalala" kwa maana ya "amelala". Kasuku amejituliza, basi, na mtendaji kawekwa nyuma ya kitendo kwa ajili ya utamu. Niliyatambua haya chuoni, miaka zaidi ya kumi baadaye, mhadhiri alipokuwa akieleza lahaja za Mrima. Nilicheka peke yangu darasani hata akaniuliza kulikoni.

Natoa kisa hiki kwa sababu yapo madai mazito kuhusu Kiswahili cha watoto wa mitaa ile. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997 kuhusu Sheng na Engsh, waliieleza lugha ya vijana wa Nairobi kwa utulivu wa kitaalamu, lakini nje ya majarida lawama zimekuwa kali: watoto wa Eastlands hawana Kiswahili, Sheng imewaharibu, na kadhalika. Yamkini. Ninachojua ni kwamba mahadhi ya Kiswahili cha Tanga, mahali kinapokaza na mahali kinapolegeza, yaliingia masikioni mwangu usiku baada ya usiku nikiwa nasinzia, na nilipokuja kukifundishwa Kiswahili sanifu kwa kiboko na sarufi, sikukiona kigeni. Nilikuwa nimeshakisikia kikipumua.

Mwenzangu mmoja idarani, bingwa wa fasihi simulizi, nilimsimulia haya akatikisa kichwa. Kwa maoni yake, wimbo ukiuondolea ujumbe umebaki na kelele, na jadi yetu haijui wimbo mtupu: kuna hodiya za kazi, nyimbo za jando, za mazishi, za vita, na kila mmoja una kazi yake na neno lake. Namheshimu sana. Ila katika orodha yake alisahau bembelezi. Mama anayembembeleza mtoto wa wiki mbili anampa ujumbe gani? Mtoto haelewi hata neno moja. Mwaka 1988 Jacques Mehler na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto wachanga wa siku nne huko Ufaransa. Vichanga wale waliweza kuitofautisha lugha ya mama zao na Kirusi. Hata sauti zilipochujwa, masafa ya juu yakaondolewa na maneno yasibaki, pakabaki mahadhi peke yake, waliendelea kuzitofautisha. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilisema moyoni: hawa wamejenga pazia la mama kwa mashine.

Fauka ya hayo, mitaa yetu yenyewe ni ushahidi. Orchestra Super Mazembe walifika Nairobi mwaka 1974, Les Mangelepa wakaundwa papa hapa mwaka 1976, na santuri za Franco ziliingia kutoka Kinshasa kama unga. Kutoka Shauri Moyo hadi Umoja watu walicheza Kilingala usiku kucha bila kuelewa neno. Mjomba alikuwa akiimba Kilingala chote kwa sauti kubwa anaponyoa ndevu, silabi kwa silabi, na ukimwuliza maana yake alikutazama kama mtu aliyeuliza maana ya mvua. Hakuna aliyemtoza alama. Kosa la uhitaji wa ujumbe tulilifunza shuleni. Mtihani wa fasihi humwekea mtahiniwa wimbo asioujua, usio na mahadhi, umechapwa karatasini kama maiti ya wimbo, kisha humwuliza: taja ujumbe wa wimbo huu, alama nne. Mtoto anajibu. Amefunzwa kujibu. Afikapo kwangu chuoni ameshajua kwamba kupenda si jibu.

Sisemi kwamba akina Wanyika hawakuwa na neno la kusema. "Sina Makosa" ni malalamiko ya mtu anayechukiwa na haoni sababu ya kuchukiwa, na nimewahi kumsikia wakili akilitaja jina lake mahakamani, watu wakacheka, hata hakimu. Lakini angalieni walivyoiita albamu ya Simba Wanyika ya mwaka 1975, ile ambayo mjomba aliinunua kwa malipo ya saa za ziada na ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa hata kwa kidole kilichooshwa: Jiburudisheni na Simba Wanyika. Hawakusema jifunzeni, wala jionyeni. Burudani na baridi ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kujiburudisha ni kujipoza. Waliokuwa wakirudi kwa miguu kutoka Eneo la Viwanda, vumbi la mchana kutwa likiwa shingoni, waliahidiwa ubaridi, wakaupata.

Nilimwita yule mwanafunzi ofisini. Nilimwambia nimeisikiliza, nikamwomba naye asikilize kitu, nikamwandikia majina sita ya nyimbo kwenye karatasi. Alirudi baada ya wiki moja akiwa amenuna kidogo. Nyimbo alizipenda, hasa gitaa la rithimu, ambalo alilieleza kwa neno la Sheng nisiloweza kulichapisha hapa kwa sababu sina hakika na tahajia yake. Kilichomuudhi ni kingine. "Mwalimu, Slowdive nikitaka naweza kuwasikiliza albamu kwa albamu, tano zote, najua ipi ilitangulia na nani alipiga nini. Hawa wako kila mahali na hawako popote. Wimbo mmoja nimeuona kwa majina matatu. Mwingine umeandikwa Simba Wanyika na sauti ni ya Les Wanyika. Nitaipendaje albamu kama sijui ni ipi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimweleza kwamba soko letu lilikuwa la santuri ndogo, kwamba albamu ilikuwa kitu cha mwenye nacho, kwamba kanda zilipoingia kila mwenye redio mbili alikuwa kiwanda, na kwamba mwenye kunakili hakujali mpangilio wala tarehe. Kwamba serikali ilipobana vibali vya wanamuziki wa kigeni miaka ya 1980, bendi nyingi zilidhoofika. Kwamba George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, mwaka uleule Slowdive ilipovunjika, ila hawa wetu hawakupata mwaka wao wa kurejea. Nilimtajia kazi ya Ketebul Music, ambao tangu waanzishwe mwaka 2007 wamejaribu kukusanya na kuandika historia ya muziki wetu, kuanzia benga. Aliandika jina hilo daftarini. Kisha akauliza kama zile santuri za mjomba bado zipo.

Nilimpigia mjomba simu jioni hiyo. Alistaafu, akarudi nyumbani magharibi, na santuri zilisafiri naye juu ya basi, zikahifadhiwa chini ya paa la mabati. Joto lilizikunja. Amebakiza kumi na moja zinazocheza, na Jiburudisheni si mojawapo. Gramafoni haina sindano. Nilimwuliza, maadam nilikuwa naye, kama zamani zile alijua "Kajituliza Kasuku" inasema nini. Akanyamaza, akakohoa kikohozi kilekile. "Mwanangu, mimi ule nilinunua kwa ajili ya upande wa pili." Kisha akataka kujua kama kule mjini sindano bado zinauzwa, na kama naweza kumtumia mbili.

Alama za kazi za muhula zilikuwa hazijapelekwa. Niliitoa tena insha ya msichana wa Kayole, nikaisoma usiku, Souvlaki ikiwa chini kabisa, watoto wamelala. Nilikifuta kile nilichoandika pambizoni, ingawa wino mwekundu haufutiki vizuri na kovu lake limebaki. Kurasa mbili na nusu juu ya sauti, bila kurudia sifa moja mara mbili, ni kazi ambayo wahakiki wengi wa magazeti wangeona haya kuiona imefanywa na mtoto wa miaka ishirini. Nimempa 21. Zile tisa alizipoteza kwenye upatanisho wa ngeli na alama za kuakifisha, na hapo sikumhurumia.